Bi Barafu, Mkataji wa Ubongo

Jina la Barafu hakupewa na wazazi wake, wala halina uhusiano na roho yake. Mwenye roho baridi hawezi kucheka namna ile, kicheko cha kumfanya jirani wa juu agonge sakafu kwa ufagio. Jina alipewa na wenzake kazini, kwa sababu kutwa nzima mikono yake imo ndani ya sanduku lenye ubaridi wa kugandisha, na akienda kula mchana vidole vimekufa ganzi hata kijiko hakishikiki. Kijiko kikianguka, meza nzima hupiga kelele: "Barafu!" Jina likamfuata hadi mtaani, na sasa hata muuza mboga humwita Bi Barafu bila kujua kisa chake.

Kisa hicho mtaani hawakukijua kwa sababu mwenyewe hakutaka wakijue.

Kazi yake, niseme mapema ili mtu asije akanishtukia katikati, ni kukata ubongo. Ubongo wa binadamu, wa watu waliosema wangali hai kwamba wakifa, vichwa vyao viwafae wanaojifunza. Huletwa maabara ukiwa umegandishwa, mgumu kama jiwe, nusu ya kulia au nusu ya kushoto. Yeye huupachika kwenye mashine yenye kisu kipana, akaukata vipande vyembamba mno. Vyembamba vipi? Ukilaza kimoja juu ya gazeti utasoma habari zote, pamoja na matangazo ya viwanja. Kila kipande hukidaka kwa brashi laini kisijikunje, akakitandaza juu ya kioo, kisha akaweka kiganja chini ya kioo hicho. Joto la kiganja hupenya glovu na kioo, kipande kikayeyuka kidogo tu, kikashika. Wakati wa kukata huziba pumzi, maana pumzi ya mtu ina joto, na kipande chenyewe kikipuliziwa kidogo tu hupeperuka kikapotelea pembeni.

Kabla ya hapo alikuwa kwenye kiwanda cha karatasi, upande wa kupunguza kingo. Siku ya usaili Profesa, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba shingoni, hakumuuliza vyeti. Alimpa brashi na kipande cha karatasi ya chooni kilicholowa, akamwambia akihamishe kwenda kwenye kioo bila mkunjo. Waliotangulia walikuwa wamevichana vyao. Barafu alikihamisha, akakinyoosha pembe, halafu akaomba kingine kwa sababu cha kwanza hakikumridhisha. Akaambiwa aanze Jumatatu.

Kwa muda mrefu alikata bila kuelewa anakata kwa ajili ya nini, mpaka Profesa alipomkalisha chini na kumweleza. Seli za ubongo, alisema, hazijagandana. Moja ikitaka kuiambia nyingine jambo, hutema tone la kemikali, na ile nyingine hulipokea kwa vijidomo vidogo vilivyo juu ya ngozi yake. Vijidomo hivyo ndivyo vipokezi. Kila kemikali ina vipokezi vyake, na kipokezi kina madeko, hakili kisicho chake. Sasa lipo gamba la ubongo, lile tabaka la juu lililokunjamana kama nguo iliyosahauliwa mashineni. Swali la Profesa, alilokuwa nalo tangu nywele zake ni nyeusi, lilikuwa hili: katika gamba hilo, vipokezi vya aina hii vimejaa wapi, na vya aina ile vimejaa wapi?

Kujua ni kazi. Kipande kimoja huloweshwa katika dawa inayong'ang'ania aina moja tu ya vipokezi, dawa yenyewe ikiwa imetiwa mionzi kidogo. Kinasuuzwa, kinakaushwa, kinalazwa juu ya filamu ndani ya boksi lisilopitisha mwanga, na kinaachwa humo wiki nyingi. Filamu ikisafishwa, palipojaa vipokezi pametoka peusi, palipo na vichache pamefifia. Kipande cha jirani yake huloweshwa dawa nyingine, kwa aina nyingine, na cha tatu vilevile.

Siku Barafu alipoonyeshwa filamu za kwanza, alifikiri amechanganyiwa watu. Moja ilikuwa nyeusi tii upande wa nyuma wa kichwa. Ya pili, pale pale nyuma, ilikuwa imepauka, na weusi ulikuwa umehamia sehemu za ndani, zile za kumbukumbu na hisia.

"Huyu ni yuleyule?" aliuliza.

"Yuleyule. Vipande ulivikata kimoja baada ya kingine."

Alizitazama mpaka chai yake ikapoa. Kumbe mkunjo mmoja tu, uzembe wa brashi mara moja, ungeacha tundu kwenye ramani ya kichwa cha mtu. Kuanzia siku hiyo aliipenda kazi yake kupita kiasi, na mapenzi hayo ndiyo yaliyomtia matatani.

Mumewe alifariki zamani, na Barafu alikuwa anaishi na mdogo wake, mwanamke asiye na breki mdomoni. Miaka michache nyuma aliwahi kujitokeza mchumba, dereva wa lori, mtu wa heshima zake. Barafu alimweleza kazi yake siku ya pili ya mazungumzo. Dereva akaweka soda chini, akakumbuka kwamba ameacha gari linanguruma, akaenda kulizima, na mpaka leo hajamaliza kulizima. Mdogo mtu alicheka wiki nzima. Barafu alicheka naye, lakini lilimuuma, na akajiapiza kwamba mwingine akija hatakurupuka.

Mwingine akaja, na huyu alikuwa kinyozi.

Duka lake liko kona ya pili baada ya nyumba yao, lenye kiti kimoja kinachozunguka na kimoja kilichokataa. Barafu hukata nywele fupi, kwa hiyo alikuwa mteja wake kabla hajawa kitu kingine. Kinyozi alikuwa mgane, mwembamba, muongeaji, na mikono yake ilipofika karibu na sikio ilipunguza mwendo yenyewe, jambo ambalo mkataji mwenzake hakuweza kutoliona. Alikuwa na mstari wa kinyozi kweli: pembeni ukichongwa naye, umechongwa. Siku moja alimnyoa taratibu kuliko kawaida, kisha akakataa kuondoa shuka shingoni mpaka Barafu akubali kunywa naye juisi.

"Na kazi unafanya wapi, Bi Barafu?" alimuuliza kwenye juisi.

"Kwenye baridi."

"Samaki?"

Barafu akacheka kile kicheko chake. Kinyozi akakichukulia kuwa ndiyo. Barafu angeweza kumsahihisha papo hapo, na hakumsahihisha.

Basi mwanamume akaanza kumletea ndimu za kutolea shombo. Akamletea sabuni maalumu aliyoitafuta sokoni. "Lakini wewe msafi jamani," alikuwa akisema, akimnusa viganja kwa adabu, "mtu kutwa nzima kwenye samaki na hunuki hata kidogo!" Barafu alikuwa akiona aibu mpaka masikio yanamwasha.

"Mwambie," alisema mdogo wake.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akishanizoea."

"Dada, keshakuzoea. Amekuletea sabuni ya samaki ya pili. Unangoja akununulie nyavu?"

Ukweli ni kwamba Barafu alikuwa amempenda. Alimpenda kwa namna ya mtu mzima anayejua kabisa atakachokosa, na ndiyo maana mdomo ulikuwa mzito. Akifikiria kumwambia, aliona soda inawekwa chini.

Hali ikawa hivyo hadi Jumapili aliyoalikwa kwa mama yake Kinyozi. Mama huyo ni kibibi kidogo chenye macho makali, na mwanawe hafanyi jambo bila baraka zake. Alikuwa ameoka keki mwenyewe, ndefu, ya umbo la mkate. Sebule ilikuwa imefagiliwa, vikombe vya wageni vimeshushwa kabatini. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Barafu alisifu mapazia, kibibi akasifu unyenyekevu wake, Kinyozi akawa anajipangusa jasho la furaha. Kisha kibibi akamkabidhi Barafu kisu.

"Mwanangu, tukatie. Nione mkono wako."

Alimaanisha mkono wa ukarimu. Barafu alisikia mkono wa kazi.

Wala hakukusudia. Kisu kilikuwa kizuri, keki imeshikana vyema, na mwili ulifanya ulichozoea. Kwanza alitoboa tundu dogo kwa ncha ya kisu upande wa kulia wa keki, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akakata ncha na kuitupa pembeni, kwa sababu vipande vya mwanzo huwa haviko sawa. Kisha akaziba pumzi. Kipande kikashuka, chembamba hata ua la sahani likaonekana kupitia upande wa pili. Akakilaza, akakinyoosha pembe kwa uma, akaweka kiganja chini ya sahani na kusubiri kidogo. Kikafuata cha pili. Akavipanga mezani kwa mfuatano, kila kimoja kikitazama upande uleule.

"Mwanangu," kibibi aliuliza kwa upole, "hilo tundu ni la nini?"

"Ili tusichanganye kulia na kushoto, mama," alijibu Barafu, macho hayajatoka kwenye kisu. "Ubongo ukishakatwa, pande zote zinafanana."

Alipolisikia neno lenyewe likielea juu ya keki, alikuwa amechelewa.

"Ubongo," alisema kibibi.

"Wa ng'ombe, mama," Kinyozi aliingilia, akimtazama Barafu kwa macho ya kumwomba. "Si wa ng'ombe? Au wa samaki. Samaki naye ana ubongo."

Alikuwa amemfungulia mlango. Angepita tu na chai ingeendelea. Lakini Barafu aliwakumbuka watu waliotoa vichwa vyao, akaona haiwezekani kuwaita ng'ombe mbele ya chai ili yeye apate mume.

"Wa watu," alisema. "Waliokubali wenyewe. Nakata ubongo wa watu, mama, ili wataalamu wajue kila sehemu inapokea nini. Samaki sijawahi kumgusa kazini hata siku moja."

Kibibi aliitazama mikono ile, akaitazama keki.

"Kwa mikono hiyohiyo?"

"Navaa glovu, mama."

"Leo hukuvaa."

Chai ilinyweka kwa shida, na Kinyozi akamsindikiza mgeni hadi barabarani bila kusema neno, yeye ambaye hunyamaza akiwa amelala tu.

"Samaki," alisema mwishowe.

"Samaki ulisema wewe."

"Na wewe ukaniacha niseme. Nikazunguka soko zima natafuta sabuni."

Alikuwa na haki yote. Barafu aliomba msamaha, akausema vibaya, akapanda gari na kutazama dirishani asionekane analia.

Baada ya hapo palikuwa kimya. Kinyozi hakuja nyumbani wala hakupiga simu. Barafu akawa anazunguka kwa njia ya nyuma kwenda kazini ili asipite mbele ya duka, na kwa kuwa hakuwa tayari kunyolewa na mtu mwingine, nywele zikaota mpaka zikaanza kuegemea upande. Kazini vipande vilitoka vizuri vilevile, lakini meza ya chakula ilipoa. Jirani wa juu alishuka kuuliza kama kuna mgonjwa. Mdogo wake, ambaye hajawahi kukosa la kusema, alimpikia uji na kukaa naye tu.

"Nimeula wa chuya, mdogo wangu," Barafu alisema.

"Bado. Huyu hajasema ameacha gari linanguruma."

Adhuhuri moja mlinzi wa maabara alipiga simu ndani. Kuna bwana getini, ana koti jeupe lakini si daktari, mabegani amejaa nywele za watu. Profesa, ambaye hupenda wageni kuliko chakula, alikuwa wa kwanza kumwahi mgeni huyo. Barafu alipotoka kwenye sanduku lake la baridi, vidole havina hisia, aliwakuta wawili hao wanakuja ukumbini, Kinyozi akitembea katikati kabisa ili asiguse ukuta wowote.

"Nimekuja kuona," alimwambia Barafu. Hakusalimia. "Nimejaribu kufikiri mwenyewe nimeshindwa, kwa sababu sijui nafikiria kitu gani. Kuna kichwa humu?"

"Kuna picha tu. Njoo."

Alimpeleka chumba cha filamu na kuwasha ile meza ya kioo inayotoa mwanga kwa chini. Kama Kinyozi angegeuka na kuondoka chumbani humo, alijua, basi ndiyo imetoka. Akaziweka filamu mbili sambamba, ile yenye weusi nyuma na ile yenye weusi ndani, akamweleza habari za vijidomo na matone polepole, kama alivyoelezwa yeye.

Kinyozi aliinama. Mwanzoni aliangalia kwa jicho moja, kama mtu anayechungulia ajali. Kisha akaangalia kwa yote mawili. Kisha akatoa miwani yake ya kazi mfukoni.

"Nani amemnyoa huyu?" aliuliza.

"Nini?"

"Tazama hapa nyuma. Nyeusi, nyeusi, halafu kwisha! Hapa pamechongwa. Wembe huo. Lakini huku pembeni hakuna mstari, inapungua, inapungua, huwezi kusema imeishia wapi. Huku amepandishwa taratibu." Alikuwa ameshapandisha sauti. "Kichwa kimoja, mitindo miwili!"

Profesa alipiga makofi kwa furaha. Ni kweli, alisema, mipaka mingine kwenye gamba ni mikali na mingine hufifia kidogo kidogo, na yeye ameandika kurasa nyingi kuhusu jambo hilo bila kumfikiria kinyozi hata mara moja.

"Na hapa palipochongwa ni wapi?"

Barafu alinyoosha mkono akamgusa kisogoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu ile Jumapili. Kinyozi alishtuka kwa ubaridi wa vidole, lakini hakusogea.

"Hapa. Ndipo unapoonea."

"Naona kwa kisogo?"

"Macho yanaleta tu. Kuona kunaanzia hapa."

"Miaka yote hii," alisema Kinyozi, "natembeza mashine juu ya kuona kwa watu, na hakuna aliyeniambia niwe mwangalifu!" Akafikiri. "Na ubishi wa mama yangu uko wapi?"

"Huo umeenea kote."

Alicheka, naye Barafu akacheka, na ubaridi wote uliokuwa kati yao tangu sebuleni ukavunjika. Mama, Kinyozi alisimulia sasa, hakulala siku ile. Kesho yake aliwasimulia majirani kwa kutisha. Kesho kutwa aliwasimulia tena, kwa majivuno. Sasa jengo zima linajua kwamba mwanawe ana mchumba anayejua vichwa vya watu kwa ndani, na keki ile aliimaliza peke yake, kwa hoja kwamba keki nyembamba hivyo hainenepeshi. Aliyebaki na mashaka alikuwa mwanawe. Hakuogopa ubongo, alisema. Aliudhika kwamba aliogopwa yeye, kwamba Barafu alimwona mtu wa kukimbia.

"Nilikosea," Barafu alisema. "Nilikupenda nikaogopa. Basi."

Kinyozi alivua miwani, akaifuta kwa koti lenye nywele, ikawa chafu zaidi.

"Nimeongea na Profesa wako hapo mlangoni," alisema. "Nimemwambia siku yangu ikifika, kichwa changu mkichukue. Mimi si wa kukimbia. Ila nina sharti moja, unikate wewe. Sitaki mkono mwingine."

Aliyasema hayo akiwa amesimama wima, kama mwanamume anayetoa pete. Barafu alimtazama. Aliliona sikio lake la kushoto, ambalo liko juu kidogo kuliko la kulia. Aliuona upara mdogo anaoufichia kofia. Akajaribu kukifikiria kile kichwa kikiletwa kwake kimegandishwa, nusu yake, kikiwa kimya, na yeye akiziba pumzi kukisogelea na kisu. Hakuweza kufika hata kwenye kisu.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Wa kwako siukati."

"Si unakata wa watu wote?"

"Watu wote ndiyo." Machozi yalikuwa yameshamtoka, na hakuyaficha. "Wa kwako siwezi. Watafute mtu mwingine, mimi siku hiyo sitakuwa na mkono."

Profesa alikumbuka kitu ofisini kwake na kuondoka haraka. Kinyozi alibaki amesimama mbele ya mwanga wa meza, akilimeza lile jibu taratibu. Alikuwa amekuja na swali moja, kama Barafu angali anamtaka, na kulipiga chenga tangu getini, na sasa hapakuwa na haja ya kuliuliza.

"Basi nikuoe upesi," alisema, "kabla hujapata la pili la kunikatalia."